Wanatuuzia makaratasi: kijana anayetaka kujifunza programu, chunga pesa ya mama yako

Wandugu vijana, wakaka na wadada wa Butembo, Beni, Lubero, Bunia, na popote maneno haya yatawafikia,

Tumezoea kupaza sauti juu ya usalama, juu ya barabara, juu ya mishahara ya walimu. Leo ninaomba tuseme juu ya wizi mmoja mdogo ambao hauna kelele. Hauna kelele kwa sababu mwenye kuibiwa anapewa cheti mwishoni, anapiga nacho picha, na picha anaiweka kwenye WhatsApp. Mimi mwenyewe nilipiga ile picha. Iko bado ndani ya simu yangu.

Nilimaliza lisansi ya uchumi. Kisha nikafanya kazi ile ambayo ninyi wote mnaijua: kupeleka dosie. Miezi 14 ya kupeleka dosie. Fasi nyingi swali lilikuwa moja: "Kompyuta unaijua mpaka wapi?" Nikijibu Word na Excel, ninaona uso wa mtu unafungwa. Siku moja nikaona tangazo kwenye nguzo karibu na soko: kuwa mtaalamu wa programu kwa wiki sita, dola 60, cheti kimehakikishwa. Kimehakikishwa na nani, haikuandikwa.

Mama aliuza maharagi. Si yale ya kula. Yalikuwa ya mbegu, alikuwa anangoja mvua.

Tulikuwa watu 31 kwa kompyuta 5. Mwalimu alikuwa anaweka ukurasa kwenye projekta, na sisi tunanakili kwa kalamu katika daftari. Kwa kalamu, wandugu! Lugha iliitwa Python. Nyumbani nikachukua simu, nikaandika mstari wa kwanza kama ulivyokuwa kwenye daftari: print, nafasi, kisha neno ndani ya alama za kunukuu. Simu ikakataa. Nikarudia mara nyingi. Kesho yake nikamuuliza mwalimu, akasema simu yangu ni mbaya.

Simu haikuwa mbaya. Ule mstari bila mabano ni wa Python 2, na Python 2 iliachwa na watengenezaji wake wenyewe tangu tarehe 1 Januari 2020. Katika Python 3, ambayo watu wanatumia, unaandika print na mabano. Yule mwalimu alikuwa anasoma kitabu cha zamani, na yeye hakujua. Sisi tulilipa dola 60 kila mmoja kwa kufundishwa kitu kilichokwisha kuzikwa.

Baadaye nikaitwa kwenye jaribio la kazi. Cheti changu kiliwapendeza. Wakanikalisha mbele ya mashini: andika programu inayosoma faili yenye namba na kutoa jumla. Nilikaa dakika 40. Sikuandika mstari hata mmoja uliotembea. Yule bwana hakunicheka, na njo iliniuma zaidi. Nilipofika nyumbani mama akaniuliza: "Sasa mutoto yangu, ile makaratasi yako yote, njo itatupa chakula?"

Sikuwa na jibu. Haya ninayoandika ni jibu lililochelewa.

Maswali matano kabla ya kutoa hata franka moja

Sisemi kwamba kila darasa la kartiye ni la wezi. Kuko walimu wa kweli, na wanastahili kulipwa. Ninasema kwamba tunachagua vibaya. Tunaangalia bei, tunaangalia cheti, tunaangalia uzuri wa tangazo. Hatuulizi maswali ambayo mama anauliza sokoni kabla ya kununua mbegu: ni ya msimu gani, imeota fasi gani, nani aliipanda mbele yangu. Darasa la kulipa au somo la bure kwenye intaneti, maswali ni yale yale.

La kwanza: je, somo linakufanya uandike, au linakufanya uangalie? Hili ni kubwa kuliko yote. Programu hujifunzi kwa macho, kama vile hujifunzi kuendesha pikipiki ukiwa umekaa nyuma ya dereva. Somo zuri linakupa kazi ndogo kila baada ya kurasa chache, unaandika, unakosea, unasahihisha. Saa moja ya video bila zoezi ni sinema. freeCodeCamp, ambayo iko tangu 2014 na ni ya bure, inakufanya uandike ndani ya ukurasa wenyewe, na ukurasa unakuambia kama umekosea. Ukiona somo lenye video 80 na zoezi sifuri, piga hesabu ya mega zako na uondoke.

La pili: ni la lini? Fungua somo la kwanza tu. Kama ni Python na unaona print bila mabano, funga. Kama ni video, angalia mwaka. Kama ni kitabu, angalia kinasema toleo gani. Hii inachukua dakika mbili, na ingeokoa mbegu za mama yangu.

La tatu: linakula mega ngapi, na linaweza kutembea bila mtandao? Mwenye kuishi Paris hana haja ya kuuliza hivyo. Sisi tuko nayo. Saa moja ya video inaweza kula mega mia kadhaa. Kurasa za maandishi zinakula kidogo sana, na kitabu cha PDF unakipakua mara moja, unakaa nacho mwaka mzima, unampa na mwenzako. Maelezo rasmi ya Python yanapakuliwa yote kutoka kwenye tovuti ya Python yenyewe. Kuna Kiwix, programu ya bure inayokuwezesha kusoma Wikipedia, na hata maswali na majibu ya Stack Overflow, bila intaneti, ukiisha kupakua faili mara moja. Na usiseme huna kompyuta: kwenye simu ya Android, Pydroid 3 inaendesha Python bila mtandao. Ni kidole kinachochoka, lakini inatembea. Kwa mwenye mashini nzee, kuna Thonny, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Ni nyepesi, na inakuonyesha hatua kwa hatua programu yako inafanya nini.

La nne: liko katika lugha gani? Kuko watu wanaotuambia kwamba bila Kiingereza hakuna programu. Ni kweli kwamba masomo mengi yako kwa Kiingereza. Lakini maneno ya lazima ya Python 3 yenyewe ni 35 tu. Thelathini na tano! Sisi tuliokariri sheria za sarufi ya Kifaransa tangu shule ya msingi tutashindwa maneno 35? Na kwa Kifaransa kuna vitu vikubwa vya bure. Kitabu cha Mbelgiji Gérard Swinnen, Apprendre à programmer avec Python 3, kinapakuliwa kihalali bila kulipa, na kiliandikwa kwa mtu ambaye hajawahi kuandika programu hata siku moja. OpenClassrooms, ambayo zamani iliitwa Site du Zéro, ilianzishwa mwaka wa 1999 na Mathieu Nebra, ambaye alikuwa bado kijana mdogo na alichoshwa na vitabu visivyoeleweka. Kwa kurasa za wavuti kuna MDN, na sehemu kubwa yake iko kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili bado kuko kidogo sana, na hilo ni deni letu sisi tunaosoma.

La tano: ukikwama, nani atakujibu, na mwisho wake ni nini? Somo zuri linaishia kwenye kitu ulichotengeneza wewe mwenyewe, ambacho unaweza kumwonyesha mtu. Somo baya linaishia kwenye cheti. Cheti si dhambi. Lakini kwenye lile jaribio hakuna aliyeniomba nisome cheti changu kwa sauti.

Ongeza na hili: somo zuri si lazima liwe zuri kwako leo. CS50 ya chuo cha Harvard, inayofundishwa na David Malan, inapatikana bure, na watu wa dunia nzima wanaisifu. Lakini iko kwa Kiingereza, inaingia mapema kwenye lugha ngumu ya C, na mazoezi yake yanaumiza kichwa. Mtu akikuambia uanze nayo kwa sababu ni ya Harvard, anakufanyia sifa, hakusaidii. Wanayo nyingine ya Python peke yake, CS50P, ambayo ni laini zaidi. Vilevile somo rasmi la Python: ni safi, liko hata kwa Kifaransa, lakini liliandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua kidogo kupanga programu. Liweke kwa mwezi wa tatu.

Sasa tuseme na sisi wenyewe

Tusiwatupie wauza vyeti mzigo wote. Sisi nasi tuko na ugonjwa wetu. Niko katika vikundi vinne vya WhatsApp vya "vijana na teknolojia". Kila siku kuna mtu anatuma viungo kumi. "Kozi ya bure, haraka kabla haijaisha!" Kila mtu anaweka dole gumba. Nani amefungua? Nani amemaliza? Tunakusanya masomo kama vile watu wengine wanakusanya magunia tupu, na tunaita hiyo kusoma.

Na lile swali lisiloisha: lugha gani ni bora? Python au JavaScript? Au Java? Au PHP? Nimeona wenzangu wakibishana juu ya hilo miezi sita, na katika ile miezi sita hakuna aliyeandika hata mistari 50. Chukua jibu langu, hata kama si kamilifu: unataka kucheza na namba, mafaili na hesabu, anza na Python. Unataka kutengeneza kurasa za wavuti, anza na HTML na CSS, kisha JavaScript. Halafu nyamaza, usiulize tena kwa miezi mitatu. Lugha ya kwanza inakufundisha kufikiri, na ya pili inakuja haraka zaidi. Anayebadilisha somo kila wiki anarudia kila mara sura ya kwanza, na sura ya kwanza ni rahisi mahali pote, kwa hiyo anajiona kama anaendelea.

Kuna na wale wanaosema: ya nini kujifunza, wakati leo unaiuliza akili bandia na inakuandikia yote? Ndugu, umebadilisha tu muuza cheti. Ukichukua programu usiyoielewa na kuiita yako, siku itakapovunjika utakaa dakika 40 kama mimi. Iulize ikueleze kosa lako. Usiiache iandike mahali pako wakati bado hujui kutembea.

Na wakubwa pia wasikie

Najua watakaonijibu: "Unasema bure, bure, lakini umeme uko wapi? Mega ni za bure?" Wana haki. Na hapa ndipo jambo hili linaacha kuwa la kijana mmoja na simu yake.

Mwaka wa 2019 serikali ilitutolea Mpango wa Taifa wa Dijitali, wenye upeo wa 2025. Machi 2023 wakatia sahihi sheria kubwa ya mambo ya dijitali. Makaratasi mazuri. Lakini kati ya hayo mawili, tangu Septemba 2020, walikuwa wanachota unite ndani ya simu zetu kwa jina la RAM, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G. Ilibidi watu wapige kelele nchi nzima ndipo ikafutwa mwaka wa 2022. Hesabuni wenyewe kurasa ngapi za somo zilipita ndani ya zile dola 7.

Wala hatujasahau mwisho wa 2018. Sisi wa Beni na Butembo tuliambiwa kura ya rais haituhusu siku ile, eti tungoje mpaka Machi. Kisha siku ya mwisho ya mwaka intaneti ikakatwa nchi nzima, karibu siku 20. Nchi inayoweza kuzima intaneti siku 20 bila kumwomba mtu ruhusa isije ikatuambia kwamba vijana wake hawapendi teknolojia.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka ndani ya udongo wa Kongo. Iko ndani ya betri za simu na kompyuta ambazo wengine wanajifunzia. Kijana wa Kolwezi anaichimba, na kijana wa Butembo anaandika Python kwa kalamu katika daftari. Kama hiyo haiwaudhi wakubwa wetu, itawaudhi nini?

Lakini ninakataa kuishia hapo. Kama tutangoja umeme wa serikali ndipo tuanze, tutazeeka. Kudai na kujifunza vinaenda pamoja, kama miguu miwili.

Tulivyofanya

Baada ya lile jaribio nilikutana na wenzangu watatu wa lile darasa la dola 60. Wote walikuwa na cheti, hakuna aliyejua kitu. Tukakubaliana: Jumapili alasiri, chumba cha kaka mmoja mwenye plaque ya jua, simu nne, mashini moja nzee ambayo betri yake ilikufa. Kitabu kimoja tu, kile cha Swinnen. Mmoja alikwenda fasi yenye mtandao mzuri, akapakua, tukagawana kwa Bluetooth. Sheria zilikuwa tatu: hakuna kuhama kitabu, hakuna kunakili bila kuandika, na kila mtu anaeleza kwa Kiswahili kile alichoelewa. Ukishindwa kukieleza kwa Kiswahili, hujakielewa, unarudi nyuma.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya. Dada mmoja alitaka kuacha, akasema kichwa chake si cha kompyuta. Mwezi wa nne yeye njo alitueleza vitanzi, kwa kutumia mfano wa kuchota maji: mtungi haujajaa, chota, umejaa, simama. Nilikuwa nimesoma ile sura mara tatu bila kuielewa hivyo.

Kisha tukatafuta kazi ya kweli ya kutengeneza. Mama yangu yuko katika AVEC ya wauzaji wa soko. Kila mkutano mtu ananunua sehemu, kutoka moja mpaka tano, wengine wanakopa na kurudisha pamoja na riba, na mwisho wa mwaka wanagawana. Siku ya kugawana ni siku ya ugomvi, kwa sababu hesabu inafanywa kwa daftari na kikokotoo kidogo mpaka usiku. Tukaandika programu ya kugawa. Mistari 90 hivi, kwenye simu.

Tulipowaonyesha, mwenyekiti wao, mama ambaye hakumaliza shule ya msingi, aliangalia jumla na kusema: "Hii iko na makosa. Franka zimepotea." Tulimbishia. Sisi wenye lisansi! Akahesabu kwa maharagi juu ya meza, punje moja kwa sehemu moja. Yeye alikuwa na haki. Programu yetu ilikuwa inakata desimali kwa kila mtu, na zile franka ndogo zilikuwa haziendi kwa yeyote. Tulirudi, tukasahihisha, tukarudi tena. Safari ile akatikisa kichwa na kusema sawa. Daftari hawakuliacha, na wamefanya vizuri. Lakini mwaka huo waligawana kabla jua halijazama.

Lile kosa la desimali lilinifundisha kuliko wiki sita za projekta.

Sitawadanganya: bado sina kazi. Sisemi mtajifunza Python na kesho mtaitwa Kinshasa. Anayeahidi hivyo anauza kitu. Ninasema kwamba leo nikikalishwa mbele ya ile mashini na lile faili la namba, nitahitaji dakika tano. Hakuna aliyenipa hiyo kwa karatasi, na hakuna atakayeninyang'anya.

Kwa hiyo tunasema:

Kwa wenye vituo vya mafunzo: andikeni kwenye matangazo yenu mwanafunzi atatengeneza nini mwishoni, toleo gani la lugha mnafundisha, na watu wangapi kwa kompyuta moja. Kama mnaogopa kuandika hayo, tumeelewa.

Kwa wakuu wa vyuo vikuu: mitandao yenu iko, hata kama ni midogo. Pakueni vitabu vya bure na faili za Kiwix, ziwekeni kwenye kompyuta moja ya maktaba, kila mwanafunzi aje na simu yake achukue. Inagharimu diski moja.

Kwa serikali: mpango wa dijitali unapimwa kwa bei ya mega na saa za umeme, si kwa hotuba. Punguzeni kodi zinazopandisha bei ya mtandao, na semeni wazi, kwa sheria, kwamba intaneti haitakatwa tena.

Kwa wewe kijana unayesoma hapa na una viungo 200 ndani ya simu: futa 199. Baki na kimoja kilichojibu yale maswali matano. Tafuta wenzako wawili. Andika mstari wa kwanza leo usiku, kabla umeme haujaenda. Na kama kuna mtu anakuomba dola 60, mwambie akuonyeshe kwanza kitu ambacho mwanafunzi wake wa mwisho ametengeneza.

Mbegu za mama si za kununulia makaratasi.

Kijana wa Butembo, mwenye lisansi, bila kazi, anayeendelea kujifunza.